Jembe la Siku ya Tatu

Kwa miaka 11 nilikuwa mgeni kwa mama yangu mzazi, na sikulijua hilo. Nilijiona mtoto mwema, anayekwenda nyumbani kila mwaka bila kukosa, na majirani pale Ujiji, Kigoma, walimwambia mama hivyo hivyo: una bahati, wa kwako anakuja. Kweli nilikuwa nakuja. Nilikuwa nakuja siku nne.

Siku hizo nne zilipatikanaje? Sheria inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mimi kumi na kitu nilizitumia Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, nikisimama juu ya msingi wa nyumba, kwa sababu fundi asiposimamiwa saruji hupungua bila maelezo. Wiki moja ilikuwa ya ukweni Tanga, na hiyo haina mjadala. Siku mbili tatu za kulala tu. Kilichobaki, ukitoa safari, ndicho kilikuwa cha mama. Na safari yenyewe si ndogo. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma kwa reli ni kama kilomita 1,250. Wajerumani waliifikisha reli hiyo ziwani mwaka 1914, na mpaka leo ukisema unatoka Kigoma mtu anakujibu "mwisho wa reli". Aliyewahi kukaa daraja la tatu anajua kwamba mwisho huo hauji haraka. Morogoro unafika ukiwa bado na sura ya mjini. Saranda mnanunua kuku kupitia dirishani, Tabora asali, Nguruka samaki, na mkikaribia Uvinza unajua siri zote za ndoa ya mtu ambaye hata jina hukumuuliza. Nilipopata vihela nikahamia kwenye basi, nikidhani naokoa muda. Muda niliouokoa niliurudisha Chanika.

Sasa siku nne zenyewe. Ya kwanza nafika jioni, kuku anachinjwa, nakalishwa kwenye kochi lenye vitambaa vilivyofuliwa kwa ajili yangu. Nikisogea jikoni nafukuzwa. Ya pili nazunguka kuamkia: mama mkubwa Mwanga, baba mdogo Gungu, wazee wa msikitini, na mama anabaki nyumbani anawapikia wale ninaowakaribisha njiani. Ya tatu ni ya shida: bati linalovuja, deni la dukani, ada ya mtoto wa dada. Natoa nilichonacho, napewa dua. Ya nne ni ya kufunga mizigo. Galoni la mawese linazungushiwa nailoni mara tatu, dagaa wanapangwa kwenye boksi, na mama anakaa pembeni anasema, "Mbona umekuja kama unaokota kitu?" Nilikuwa nacheka. Nilidhani ni utani wa kuagana.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Labda kwa wengine. Mama yangu alikuwa akichoka.

Kuna methali nyingine ambayo kila mtoto aliyesoma shule ya msingi anaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maisha yangu yote niliisikia kama tishio. Niliichukua kuwa ni namna ya wahenga kumfukuza mvivu bila kumtukana. Nadhani hata wewe uliichukua hivyo.

Mwezi wa tisa mwaka 2022 kampuni niliyokuwa nashika hesabu zake ilipunguza watu. Barua nilipewa Ijumaa, saa nane mchana, wakati wenzangu wengine bado wako msikitini. Nilikaa nyumbani wiki mbili nikijifanya natafuta kazi kwenye simu. Mke wangu akasema, "Nenda kwa mama." Nikamwambia siwezi kwenda mikono mitupu. Kwetu mtu aliyekaa Dar harudi nyumbani na salamu peke yake. Anarudi na mfuko wa sukari, na kanga, na bahasha. Akaniangalia. "Mikono unayo," akasema. "Wakikuuliza umekuja na nini, waonyeshe."

Nilipanda treni, si kwa kupenda, ila kwa nauli. Mama alinipokea mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia, halafu macho yake yakaenda kwenye begi.

"Hilo begi la mtu wa siku ngapi?"

"Nimepewa likizo ndefu, mama."

"Haya."

Kuku alichinjwa kama kawaida. Siku ya pili nilizunguka kama kawaida, isipokuwa safari hii nilikuwa nakwepa nyumba zenye maswali mengi. Siku ya tatu, baada ya swala ya alfajiri, mlango wangu uligongwa. Nikafungua. Mama alikuwa amesimama na majembe mawili, kanga moja kichwani, nyingine kiunoni.

"Mvua imeshapiga Simbo," akasema. "Twende."

Mara ya mwisho nilishika jembe nikiwa kidato cha nne, tena kwa adhabu. Lile nililopewa lilikuwa la mpwa wangu, mpini wake mfupi, nikawa nalima nimeinama kama natafuta sarafu iliyoanguka. Saa tatu asubuhi nilikuwa na malengelenge matatu. Mama alikuwa mbele yangu tuta zima, hazungumzi, anapiga jembe taratibu kama mtu anayetwanga. Nikasema moyoni, hii ndiyo likizo niliyojitakia.

Ilikuwa kwenye tuta la nne au la tano ndipo akaanza kusema. Hakugeuka. Aliniuliza kama ninakumbuka meli ya Liemba. Nani wa Kigoma asiyeikumbuka Liemba? Ni ile ya Wajerumani, iliyoletwa vipande vipande, ikaungwa pale pale Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Wakaizamisha wenyewe vitani, Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini mwaka 1927. Tangu hapo imebeba wajomba zetu wote. Basi mama akaniambia kwamba alipokuwa na miaka 19 alipanda Liemba akatoroka. Babu alikuwa amekubali posa ya baba yangu bila kumuuliza, na yeye akakasirika akaenda zake Kasanga, kule mwisho kabisa kusini, kwa shangazi yake. Baba akapanda safari iliyofuata. Alimkuta uani kwa shangazi anachambua dagaa.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Hakusema. Alikaa chini, akavuta ungo, akaanza kuchambua. Siku tatu anachambua dagaa wa watu. Shangazi akaniambia, huyu unamkataa kwa lipi?"

Nilikuwa na miaka 38. Baba alikuwa amefariki miaka saba kabla. Hadithi hii sikuwahi kuisikia, na najua kwa nini. Mama akikaa kwenye kochi na mimi nikakaa kwenye kochi tunatazamana, anakuwa mwenyeji. Ukimuuliza habari anajibu "nzuri tu", ukimuuliza afya anasema "tunamshukuru Mungu". Maneno yake hayatoki akitazamwa. Yanatoka mikono ikiwa na kazi na uso umeelekea kwingine, na mimi kwa miaka 11 nilikuwa namkalisha kwenye kochi.

Kuna jambo jingine nililiona shambani, na hili silisemi kwa raha. Kila akimaliza tuta mama alisimama, akaegemea mpini, akatazama mawingu. Siku ya kwanza niliamini anasoma mvua. Siku ya pili niliona mkono wake uko kwenye goti. Kwenye simu goti hilo lilikuwa zima, kila Ijumaa nilikuwa nauliza na kila Ijumaa lilikuwa zima. Nilipoanza kupekua, nikakuta na vidonge vya presha: anameza leo, kesho anaruka, ili visiishe kabla sijatuma pesa nyingine. Nikamwambia lakini mama, pesa ya dawa si natuma kila mwezi? Akajizungusha weee, mwisho akasema sehemu anaiweka, kwa sababu nikija lazima kuwe na kuku, na kuku wamepanda bei.

Sikulima vizuri siku ile.

Siku ya tano tuliyokuwa shambani, yaani ya saba tangu nifike, tukiwa tunafukia maharage, akaniuliza bila kupandisha sauti: "Kazi imeisha lini?"

Nikasimama. "Mwezi wa tisa."

"Basi lima. Mstari wako unapinda."

Hakuliongelea tena, si siku hiyo wala nyingine. Jioni tulikula ugali wa muhogo, sombe ya mawese na vipande vya mgebuka vilivyobaki jana, na kuku wakapita uani wakiwa hai. Hapo ndipo nilipojua kwamba ugeni umekwisha.

Nisije nikakudanganya kwamba wiki tatu nzima zilikuwa Liemba na machozi. Nyingi zilikuwa kavu. Mama anafungua redio saa kumi na moja alfajiri kwa sauti ya kusikika Burundi. Siku ya tisa nilisafisha stoo nikatupa makopo ya zamani ya maziwa, nikijua nasaidia, kumbe kila kopo lilikuwa kipimo chake cha biashara: hili la dagaa, hili la unga, hili la jirani anayekopa. Hakuninunia tu, alihamia kwa mama mkubwa akarudi usiku. Nilitaka kupanda treni kesho yake. Zamani ningepanda, kwa sababu zamani siku ya tisa isingekuwepo. Safari hii sikuwa na pa kukimbilia, basi nikaenda jalalani na mpwa wangu tukayaokota makopo, moja baada ya jingine, tukayaosha. Moja halikuonekana. Ananikumbusha hadi leo.

Jioni nilikuwa natembea mpaka kwenye ile kumbukumbu ya Livingstone, chini ya miembe. Sisi tuliokulia Ujiji hatuendi pale. Ni mahali pa watalii na wanafunzi wa ziara. Lakini nilikuwa na muda. Dunia nzima inajua kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale, wakasalimiana, na salamu yao imekuwa maarufu kuliko wao wenyewe. Kinachosahaulika ni kwamba baada ya salamu Stanley hakuondoka. Walikaa pamoja kama miezi minne. Walipanda mtumbwi wakaenda kaskazini ya ziwa kuutazama mto Rusizi, wakakuta unaingia ziwani, hautoki, wakarudi Ujiji, kisha wakasindikizana mpaka Tabora, na huko ndiko walikoagana Machi 1872. Stanley yule baadaye alifanya mengi ya kumlaani kule Kongo, simpambi. Ila nilikaa pale nikawaza kwamba mimi kila mwaka nilifika Ujiji, nikatoa salamu, nikaondoka kabla ya safari ya mtumbwi.

Nina rafiki tuliyesoma naye Tabora, sasa yuko Edmonton, Canada. Wakati wa baridi tunapishana saa kumi kamili: kwake saa nne usiku, kwangu saa mbili asubuhi ya siku inayofuata. Majira ya joto wao husogeza saa mbele, zikabaki tisa, na kila mwaka tunakosana wiki ya kwanza kwa sababu mmoja wetu kasahau. Mama yake alifariki Kasulu wakati makaratasi yake ya ukaazi yako katikati. Akitoka asingeruhusiwa kurudi. Mazishi aliyatazama kwenye simu iliyoshikwa na binamu, mtandao unakatika kila wanapofika kwenye jambo lenyewe. Niliporudi kutoka Ujiji nikamsimulia habari za jembe. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani ni mtandao. Kisha akaniambia kwamba kilichomkaa moyoni si mazishi. Ni ile safari yake ya mwisho, alipokuja wiki mbili na masanduku manne. Alifikia hotelini ili asimsumbue mama. "Unajua sijui mama alikuwa anaamka saa ngapi?" akasema. "Nilipokuwa mdogo nilikuwa naamka nakuta ameshaamka. Nilipokuwa mkubwa nikalala hoteli."

Sikuwa na la kumjibu. Ila tangu siku ile tuliacha ule mtindo wetu wa kupigiana kwa miadi na kukaa tukihojiana kama waandishi wa habari: kazi, watoto, siasa, haya kwaheri. Sasa ananipigia akiwa anatoa theluji barazani. Nasikia koleo linakwaruza, yeye anahema, mimi nakaanga mayai. Wakati mwingine dakika ishirini tunaongea mambo ya maana mawili tu. Mke wangu anasema tunachezea bando.

Kazi nyingine nilipata mwanzoni mwa 2023, mshahara umepungua kidogo. Jambo la kwanza nililolibadilisha ni hesabu ya zile siku 28. Kumi na nane ni za Ujiji, mfululizo, mwezi wa kumi. Ukweni wanapata Krismasi, hawakufurahi. Chanika nimemwachia fundi, na ndiyo, saruji inapungua. Nimeshaiingiza kwenye gharama. Dawa za mama nazilipia moja kwa moja kwenye duka la dawa pale karibu na soko, na muuzaji ananitumia ujumbe akizichukua. Mama aliita huo ni upelelezi. Kuku niliwakataza kabisa, akakubali, kisha safari iliyofuata nikakuta bata.

Simu ya Ijumaa nayo nimeiondoa. Nampigia Jumamosi asubuhi, wakati anachambua dagaa alionunua Kibirizi, na mimi nikiwa na pasi na nguo za wiki. Anaweka simu kwenye kopo, anaendelea. Ninasikia ungo, ninasikia anavyowafokea paka, mteja anakuja wanabishana bei, anarudi, "Upo?" nipo, tunaendelea. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia katikati ya mwezi wa tano mpaka katikati ya mwezi wa nane, samaki wapate kuzaliana, dagaa wakakosekana na maongezi yetu yakakauka. Alikaa na simu mkononi, ananiuliza habari, nasema nzuri, namuuliza afya, anamshukuru Mungu. Wiki ya tatu nikamwambia mama, tafuta kitu ufanye. Akaenda kukopa maharage kwa jirani, akawa anayachagua. Siku hiyo tulizungumza saa nzima, na ndipo nilipojua kwamba jina langu lilitakiwa liwe jingine.

Binti yangu ana miaka minane. Nilikwenda naye mwaka jana. Siku mbili za kwanza alikalishwa kwenye kochi, akapewa soda, akaonewa fahari. Siku ya tatu bibi yake alimkabidhi ungo. Alilia kwamba dagaa wana macho. Siku ya sita alikuwa anamfundisha mtoto wa jirani namna ya kuchambua, kwa lafudhi ya Ujiji kabisa, na mimi nikaambiwa nitoke uani napoteza nafasi.

Jumapili iliyopita simu ya mama iliingia saa kumi na mbili asubuhi. Simu ya saa hizo kutoka nyumbani huwa naipokea nimeshakaa kitandani. Nikamwamkia, hakuitikia vizuri.

"Jembe lako limevunjika mpini," akasema.

Jembe langu? Kumbe tangu mwaka ule alinunua moja, akalitia mpini mrefu wa mti wa mpera, na linakaa nyuma ya mlango wa stoo, haliguswi. Mpwa wangu kalichukua bila ruhusa akaenda kung'olea kisiki.

"Fundi yuko hapa kwa jirani," mama akaendelea. "Anataka kujua urefu. Nimemwambia wewe mrefu kuliko baba yako kwa kiasi cha kiganja. Ndivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Na anauliza kama alitengeneze sasa, ukae juani mpaka ukauke, au asubiri. Unakuja lini?"

"Mwezi wa kumi."

Nikasikia anamgeukia fundi, wanasemezana, ungo unawekwa chini. Akarudi hewani.

"Mwezi wa kumi una siku 31," akasema. "Taja tarehe."